Soko la Mtandaoni Likinunuliwa, Wewe Muuzaji Unabaki Wapi?

Kama uliwahi kuuza kochi, simu au friji mtandaoni hapa Nairobi miaka kadhaa iliyopita, kuna uwezekano mkubwa tangazo lako la kwanza uliliweka OLX. Ulikuwa unapiga picha mbili tatu, unaandika bei, unaweka namba ya simu, kisha unangoja kupigiwa. Leo ukiitafuta OLX ya Kenya huipati. Mwaka wa 2019 kampuni ya Jiji, iliyoanza Lagos mwaka wa 2014, ilitangaza kwamba inanunua biashara za OLX katika nchi tano: Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda na Tanzania. Soko moja likanunua lingine.

Kwa wakubwa wa kampuni hiyo ni habari ya gazeti na mkutano wa bodi. Kwa fundi wa makochi pale Kawangware ni maswali ya kawaida kabisa. Matangazo yangu yako wapi? Wateja walionijua kule watanipata aje? Zile sifa nilizoandikiwa na wanunuzi zimeenda na nani? Na pesa zangu, je?

Leo tunakueleza kwa nini masoko ya mtandaoni hununuana, ni kitu gani hasa kinanunuliwa, na mambo gani uweke mkononi mwako mapema ili siku soko lako likiuzwa, biashara yako isiuzwe nalo.

Soko ni watu kwanza

Tuanzie mahali unapopajua. Nenda Toi Market, pale kando ya Kibera. Muuza viatu amekaa karibu na muuza viatu mwingine, na wa tatu yuko hatua chache kutoka hapo. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini hawaachani nafasi. Lakini wewe unajua: mnunuzi anakuja Toi kwa sababu wauzaji ni wengi na atachagua. Muuzaji naye anakaa Toi kwa sababu wanunuzi wanakuja. Kila upande unavutwa na ule mwingine.

Sasa tuseme mtu mwenye pesa ajenge soko jipya hapo karibu. Mabati mapya, sakafu ya simiti, taa, choo safi. Akiwaita wauzaji watauliza, "Wateja wako wapi?" Akiwaita wateja watauliza, "Wauzaji wako wapi?" Soko zuri linaweza kukaa tupu mwaka mzima huku watu wakibanana Toi. Vivyo hivyo Kawangware jioni, pale barabarani karibu na steji ya 46. Watu wanapanga mali chini kwa sababu miguu ya wapita njia iko pale.

Soko la mtandaoni lina shida hiyo hiyo. Kutengeneza tovuti au programu ya simu kunahitaji pesa na mafundi, lakini kunawezekana. Kazi ngumu ni kuwaleta wauzaji na wanunuzi kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kampuni ikitaka kuingia nchi mpya, ina njia mbili. Ya kwanza ni kuanza na soko tupu na kumwaga pesa kwenye matangazo hadi watu wazoee. Ya pili ni kumwendea yule ambaye tayari ana watu na kumwambia, "Niuzie."

Hiyo njia ya pili ndiyo imejenga masoko mengi makubwa unayoyasikia. Na hapa ndipo jambo la kwanza la kukumbuka: soko likinunuliwa, kinacholipiwa zaidi ni mazoea ya watu, yaani wewe na wenzako kufungua pale kila mkitaka kuuza au kununua. Kompyuta na ofisi ni sehemu ndogo tu ya bei.

Mnada uliomeza minada mingine

Mfano mkubwa wa dunia ni eBay ya Marekani. Ilianzishwa mwaka wa 1995 na Pierre Omidyar, ikiitwa AuctionWeb. Ilikuwa mnada wa kawaida, tofauti ni kwamba watu walikuwa kwenye intaneti: muuzaji anaweka kitu, wanunuzi wanapandisha bei, muda ukiisha aliyetaja bei ya juu anachukua. Bidhaa ya kwanza kuuzwa ilikuwa tochi ndogo ya leza iliyoharibika, ikaenda kwa dola 14.83. Aliyeinunua alijua ni mbovu. Hapo Omidyar akaona kwamba karibu kila kitu kina mtu wake, mradi wawili hao wakutanishwe.

Mnada unahitaji umati kuliko duka. Duka linaweza kuuza kwa mteja mmoja kwa bei iliyobandikwa. Mnada wenye mtu mmoja hauna bei, maana hakuna wa kushindana naye. Ndiyo maana eBay ilipotaka kutoka nje ya Marekani, mara nyingi ilinunua umati uliokwisha kukusanyika.

Mwaka wa 1999 ilinunua Alando, soko la mnada la Ujerumani lililokuwa na miezi michache tu tangu lianzishwe na ndugu watatu wa familia ya Samwer. Ndugu hao baadaye walianzisha Rocket Internet, kampuni iliyosaidia kuzaa Jumia, ambayo leo unaona pikipiki zake zikikata mitaa ya Nairobi. Mwaka wa 2001 eBay ikanunua iBazar ya Ufaransa. Mwaka wa 2004 ikachukua Baazee ya India. Kila mara hesabu ilikuwa ile ile: kununua watu waliokwisha kuzoea ni haraka kuliko kuwafundisha upya.

Ununuzi unaotuhusu zaidi sisi watu wa malipo ya simu ni wa mwaka wa 2002. Wakati huo eBay ilikuwa na huduma yake ya malipo iliyoitwa Billpoint, nayo pia ilikuwa imeinunua, mwaka wa 1999. Lakini wauzaji wengi kwenye mnada huo walikuwa wameshachagua PayPal wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Muuzaji wa mji mmoja na mnunuzi wa mji mwingine hawajuani, na walitaka njia rahisi ya kulipana. eBay ilijaribu kushindana na chaguo la wateja wake, ikashindwa. Mwishowe ikainunua PayPal kwa takriban dola bilioni 1.5 na kuifunga Billpoint. Kampuni hizo mbili zilikaa pamoja hadi mwaka wa 2015, zilipotenganishwa tena.

Hilo linatuonyesha kwamba kuna sababu zaidi ya moja ya kununua kampuni nyingine. Unaweza kununua watu, kama Ujerumani na India. Unaweza kununua kifaa ambacho watu wako wanakihitaji, kama PayPal. Na unaweza kumnunua mshindani ili asikusumbue. Mara nyingi sababu hizi zinachanganyika, na kampuni itakwambia ile inayopendeza zaidi.

Si kila ununuzi unazaa

Usidhani mwenye pesa hakosei. Mwaka wa 2005 eBay ilinunua Skype kwa takriban dola bilioni 2.6, ikitumaini kwamba wauzaji na wanunuzi watapigiana simu wakipatana bei. Watu wa mnada hawakuona haja hiyo. Mwaka wa 2009 eBay iliuza sehemu kubwa ya Skype na kuendelea na shughuli zake.

China ilikuwa somo chungu zaidi. eBay ilinunua EachNet, soko lililokuwa likiongoza huko, kwa awamu mbili: theluthi moja mwaka wa 2002 na sehemu iliyobaki mwaka wa 2003. Mwaka huo huo wa 2003 kampuni ya Alibaba ikafungua Taobao, ambapo muuzaji hakutozwa chochote kuweka bidhaa, na mnunuzi aliweza kuongea na muuzaji moja kwa moja na kubembelezana bei. Wauzaji wakahama mmoja mmoja, wanunuzi wakawafuata. Kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imefunga tovuti yake kuu ya China na kubaki kwenye ubia na kampuni ya huko.

Kwa hivyo watu hawauzwi kama ng'ombe. Unaweza kununua soko leo na kesho ukute vibanda vitupu, kwa sababu wenye miguu wamekwenda kwingine. Hii ni nguvu uliyo nayo hata kama una viatu pea kumi tu vya kuuza.

Na kabla hatujarudi nyumbani, jambo moja la kufurahisha. Mwaka huo wa 2005 eBay ilianzisha huduma ya matangazo madogo madogo, ya mtu kuuzia jirani yake. Ikaiita Kijiji. Ndiyo, neno letu la Kiswahili. Huduma hiyo ilishika sana Kanada, na hadi leo Mkanada akitaka kuuza meza anaweza kukwambia ataiweka Kijiji, bila kujua neno hilo bibi yako analitumia kila siku. Mwaka wa 2021 eBay ilikamilisha kuuza kitengo chake cha matangazo hayo, Kijiji ikiwemo, kwa kampuni ya Adevinta ya Norway. Hata Kijiji kiliuzwa.

Kwetu: kutoka Dealfish hadi Jiji

Hapa Kenya mtiririko ni huu. Kampuni ya Naspers ya Afrika Kusini ilikuwa na soko la matangazo lililoitwa Dealfish. Mwaka wa 2010 Naspers ilinunua sehemu kubwa ya OLX, kampuni iliyokuwa imeanza mwaka wa 2006. Baadaye Dealfish ikabadilishwa jina ikawa OLX. Wale waliokuwa wakiuza Dealfish wakaamka wakiwa OLX. Kisha mwaka wa 2019 ukatangazwa ule mpango wa Jiji, ambapo kwa Kenya, Uganda na Tanzania ilibidi kungoja kibali cha wasimamizi wa ushindani. Mtu aliyeanza na Dealfish na hakuacha amebadilishiwa jina la soko mara mbili bila yeye kuhama.

Jiji haikuishia hapo. Mwaka wa 2021 ilinunua Cars45, kampuni ya kuuza magari iliyoanzia Nigeria, na mwaka wa 2022 ikanunua Tonaton ya Ghana.

Wengine nao hawakulala. Cheki, tovuti ambayo Wakenya wengi walitumia kutafuta gari la mkono wa pili, upande wake wa Kenya na Uganda ulinunuliwa na Autochek mwaka wa 2021. Kaymu, soko ambapo wauzaji wadogo waliweka bidhaa zao, liliingizwa kwenye familia ya Jumia mwaka wa 2016 na jina likapotea.

Na kama wewe huuzi kwenye tovuti yoyote kati ya hizo, unasema, "Mimi nauza WhatsApp tu," bado uko ndani ya hadithi hii. Mwaka wa 2014 Facebook ilitangaza kununua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Miaka miwili kabla, ilikuwa imenunua Instagram kwa takriban dola bilioni moja. Mwaka wa 2016 ikafungua Marketplace yake. Kwa hivyo mama anayeuza nguo za watoto Gatina kwa Status ya WhatsApp, kijana wa Olympic anayeuza viatu Instagram, na jirani anayeuza kitanda kwenye Marketplace, wote watatu wamepanga vibanda kwenye uwanja wa mwenyewe mmoja.

Kinachobadilika kwa muuzaji mdogo

Mambo manne hubadilika zaidi.

*Wateja.* Hili mara nyingi ni la faida. Masoko mawili yakiungana, wanunuzi waliokuwa wamegawanyika wanakutana mahali pamoja. Badala ya kuweka kochi lako sehemu mbili na kujibu meseji sehemu mbili, unaliweka mara moja. Lakini kumbuka wauzaji nao wameungana. Kama mlikuwa mafundi ishirini kwenye ukurasa, sasa mnaweza kuwa sitini.

*Gharama.* Soko changa hukubembeleza: weka bure, uza bure. Soko likishakuwa peke yake, linaanza kuuza nafasi ya juu. Anayelipa tangazo lake linaonekana kwanza, asiyelipa anasukumwa ukurasa wa sita. Hilo pekee si wizi, maana hata Toi kibanda cha kona hakilingani bei na cha ndani. Tatizo linakuja mshindani akiisha, kwa sababu hakuna pa kuhamia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; na akiwa mgema ni mmoja tu kijijini, hata asiposifiwa anaweza kulitia.

Ndiyo maana sheria inataka ununuzi mkubwa wa kampuni uchunguzwe kwanza. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010. Ununuzi unaovuka mipaka ya nchi za COMESA huangaliwa na tume ya ushindani ya jumuiya hiyo. Swali lao kubwa ni moja: baada ya hawa kuungana, mwananchi atabaki na pa kuchagua?

*Jina lako.* Hili linauma kuliko yote. Tuseme umeuza makochi miaka mitatu kwenye soko fulani. Wanunuzi wamekuandikia maneno mazuri, mtu akifungua ukurasa wako anakuamini kabla hata ya kukuona. Soko likinunuliwa, mmiliki mpya anaweza kuamua kuhamisha akaunti zote pamoja na sifa zake, au kuhamisha matangazo peke yake, au kukwambia ujisajili upya. Ukijisajili upya wewe ni mgeni, sawa na tapeli aliyefungua akaunti jana usiku. Miaka mitatu ya uaminifu haionekani popote.

*Taarifa zako.* Namba yako ya simu, mahali unapoishi, vitu ulivyouza na meseji ulizoandika, vyote vinaweza kuhamia kwa mmiliki mpya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuomba kuziona, kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa, na kuomba zifutwe pale zinapowekwa bila sababu ya kisheria. Ukipuuzwa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na pesa zangu, je?

Swali hili tunalipata mara kwa mara, kwa hivyo tulijibu taratibu.

Kwenye masoko mengi ya matangazo hapa kwetu, pesa hazipiti kwa tovuti. Mnunuzi anakuja, anaangalia kochi, anakutumia pesa kwa simu yako au kwa till. Pesa hizo ziko kwenye huduma yako ya malipo, ambayo ni kampuni tofauti. Soko likinunuliwa mara tano, salio lako halijui habari hiyo. Cha kuangalia ni kama ulikuwa umelipia matangazo mapema au una salio ndani ya soko lenyewe. Hilo ndilo la kuuliza haraka: linahamishwa, linarudishwa, au linaisha?

Lakini kampuni za simu nazo hununuliwa, na tumeyaona. KenCell ilikuja kuwa Celtel, Celtel ikawa Zain mwaka wa 2008, Zain ikanunuliwa na Bharti Airtel mwaka wa 2010. Huduma ya pesa iliyoitwa Zap ikawa Airtel Money. Mwaka wa 2014 kampuni ya yu iligawanywa: Airtel ikachukua wateja, Safaricom ikachukua mitambo. Katika mabadiliko ya namna hii majina hubadilika, rangi hubadilika, na msimbo wa kubonyeza unaweza kubadilika.

Kinachokulinda ni mpango uliowekwa kisheria. Kanuni za mfumo wa malipo za mwaka wa 2014 zinataka pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya dhamana, mbali na pesa za kampuni yenyewe. Kwa hivyo pesa ulizoweka kwenye simu haziorodheshwi pamoja na magari na viti vya ofisi siku kampuni ikiuzwa. Ni za wateja, na Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayosimamia.

Msimu wa matapeli

Hatari halisi kwa mfuko wako haitoki kwa mnunuzi mkubwa wa kampuni. Inatoka kwa tapeli aliyesoma habari hiyo kwenye gazeti kabla yako.

Soko likitangaza kwamba linahamia jina jipya, watu wanakuwa na wasiwasi na wanangoja maelekezo. Hapo ndipo meseji zinaanza: "Akaunti yako ya zamani inafungwa leo. Ili kuihamisha tuma namba ya siri." Au: "Lipa shilingi mia tano ya usajili mpya kwa namba hii." Au anakupigia mtu mwenye sauti ya ofisi, anakutajia jina lako na bidhaa uliyoweka, maana amezisoma kwenye tangazo lako, kisha anakuomba usome tarakimu zilizoingia kwa simu yako sasa hivi.

Kumbuka hivi: kuhama kwa soko hakuhitaji PIN yako ya pesa hata siku moja. Soko halina kazi nayo. Sisi wenyewe hatuna kazi ya kukuuliza. Anayeiuliza anataka kitu kimoja tu.

Kwa mnunuzi, mtego unakuja kwa njia nyingine. Mtu anafungua ukurasa unaofanana na soko jipya, anaweka friji kwa nusu ya bei, anasema yuko mbali lakini ukituma kidogo atakuwekea. Ukituma umeuziwa mbuzi kwa gunia, na ukifungua gunia hata mbuzi hayumo.

Fanya haya mapema, usingoje tangazo

1. Hifadhi sifa zako. Piga picha ya skrini ya ukurasa wako, maoni ya wateja na tarehe uliyojiunga. Weka nakala kwenye barua pepe yako, usiache kwa simu pekee. Ukiambiwa ujisajili upya, utakuwa na kitu cha kumwonyesha mteja.

2. Kuwa na orodha yako ya wateja. Mteja akishanunua na kuridhika, muombe ruhusa uweke namba yake, na mpe yako. Mteja aliye kwenye daftari lako hauzwi na kampuni yoyote.

3. Tenganisha pesa za biashara. Pokea malipo kwa till au akaunti ya biashara, usichanganye na pesa za nyumba. Kisha toa taarifa ya miamala kila mwezi na uihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nyota za tovuti zinaweza kufutwa, lakini historia ya malipo yaliyoingia kwa jina lako ni ushahidi kwamba unafanya kazi, na mkopeshaji anaweza kuiangalia.

4. Usitegemee kibanda kimoja. Weka bidhaa angalau sehemu mbili zenye wamiliki tofauti. Na kama unatumia WhatsApp na Instagram, sasa unajua hiyo inahesabiwa mara moja.

5. Soma ule ujumbe wa mabadiliko ya masharti. Najua ni mrefu. Tafuta mambo matatu tu: ada, taarifa zako zinaenda wapi, na tarehe ya mwisho ya kuamua.

6. Angalia jina kabla ya kutuma. Jina likitokea tofauti na la muuzaji, simama uulize. Ukikosea namba kwenye M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Kwa huduma nyingine piga namba rasmi ya wateja, si ile uliyotumiwa na mtu usiyemjua.

7. Kagua salio, usikague meseji. Muuzaji, kabla kochi halijapanda mkokoteni, fungua salio lako uone pesa zimeingia. Meseji inaweza kuandikwa na yeyote.

8. Kutana mahali pa watu wengi, mchana, lipa baada ya kuona. Hii haijawahi kubadilika tangu Dealfish, na haitabadilika na mmiliki ajaye.

Masoko yataendelea kununuana. Hata hili unalotumia leo linaweza kuwa na jina lingine kabla mtoto wako hajamaliza shule ya msingi. Waliolipa mabilioni walikuwa wakinunua mazoea yako ya kurudi pale kila siku. Kama yana thamani hiyo kwao, yana thamani kwako pia. Kwa hivyo jina lako zuri, wateja wako na rekodi za pesa zako viweke mahali ambapo wewe ndiye mwenye ufunguo. Anza na namba ya tatu: leo jioni ukifunga kazi, omba taarifa ya miamala ya mwezi uliopita na uihifadhi.